Mwiko

Tulipomwosha baba, mkono wake wa kulia ulikataa kufunguka.
Vidole vilijikunja kana kwamba vimeshika kitu.
Dada Skolastika akasema: mpeni rozari.
Nikasema: huo si mkunjo wa rozari, ni wa mwiko.

Alifika hapa kwa treni ya mkataba, ana miaka kumi na miwili,
nyuma ya baba yake aliyeandikwa namba kule Kitega.
Baba yake alifia shimoni Kipushi kabla ya masika ya pili.
Kampuni ikaleta blanketi moja na tiketi ya kurudi.
Blanketi akajifunika.
Tiketi akaitia ndani ya kitabu cha sala, alama ya ukurasa,
hadi herufi zake zikafutika.

Katuba wakati ule ilikuwa vichuguu,
vichuguu virefu kuliko nyumba.
Akajifunza kuvibomoa, kukanyaga udongo, kupanga tanuru,
kuchoma siku nne bila kulala.
“Mchwa ndiye mwashi wa kwanza wa mji huu,” alisema.
“Sisi tunaazima.”
Akawajengea Wazungu nyumba zenye baraza na bomba la maji,
na kengele ya saa tatu usiku
ilimkuta kila siku ameshavuka kurudi upande wetu.

Halafu vita. Mwaka arobaini na moja, Uhabeshi,
milimani, kwenye mvua.
Tunajua mambo matatu tu:
kwamba walikula nyani;
kwamba alimchimbia kaburi mtu aitwaye Kabwende
kwa sahani ya bati, maana jembe halikuwapo;
na medali ilifika kwa posta baada ya miaka kumi na mmoja,
imeandikwa Melkiori Barapama, herufi moja imeanguka njiani.
Ukiuliza la nne, alichukua timazi akatoka uani.
Mwiko mkononi, mwiko mdomoni.

Alikwenda Misa ya alfajiri viatu kwapani,
akivivaa mlangoni pa kanisa.
Padri alimsifu kwa unyenyekevu.
Mama Sidonia alicheka: “Unyenyekevu gani? Soli ni ghali.”
Na jioni, tukipiga magoti kusali Malaika wa Bwana,
alipita nyuma yetu na ile timazi,
akiining'iniza kwenye migongo, mmoja mmoja.
Marseli alikuwa amepinda daima.
Marseli ndiye aliyelia zaidi juzi.

Ndege za ONU zilipopiga mji, alijaza nyufa kesho yake
kabla hata ya kuuliza nani kashinda.
Mwaka tisini na mbili, watu walipoanza kuulizana asili,
karani wa komine alimwambia: Mzee, kwenu wapi?
Akajibu: huo ukuta unaouegemea, niliujenga mimi.
Karani akageuka, akautazama vizuri,
akaandika: mgeni.

Wiki ya mwisho ndipo alipofungua kinywa.
Alidai maji, akadai mto, kisha akasema:
“Miguu yenu iko ukutani.”
Tukadhani ni homa.
Kumbe kila mtoto, siku ya nane,
alimkanyagisha mguu wa kushoto kwenye tofali bichi,
akalichoma, akalijenga uso ukitazama ndani,
mahali mwenye nyumba asipoona.
Skolastika yuko posta. Marseli yuko shule ya watawa.
Tisa jumla,
hata wale wawili ambao hawakukaa.

Skolastika alishinda. Rozari iliingia kwenye ule mkunjo
na bado nafasi ikabaki.
Mwiko uko kwangu; mwanangu anautumia kuzolea majivu ya makaa,
nami sijamkataza.

Leo nimekwenda parokiani.
Langu, alisema, liko sakristia,
mstari wa tatu kutoka chini, nyuma ya kabati la kanzu.
Nimesogeza kabati. Wamepiga plasta, wamepaka rangi ya buluu.
Sakristani ameuliza, mama, umepoteza nini?
Nimevua kiatu cha kushoto.